Mchezo wa Mabubu

Jumamosi, 22 Desemba 1990

Nimefika nyumbani Kamukuywa mchana. Vumbi mpaka kwenye meno. Kitale nimeacha mawingu, hapa hata tone hakuna. Posta wamenipa likizo mpaka mwaka mpya, na Wakonyo, opereta mwenzangu, amenuna kwa sababu sikukuu yote atakaa peke yake na vile vidude masikioni akiunganishia watu simu. Anune tu. Mwaka jana ilikuwa mimi.

Papa amekonda. Tangu apooze mwezi wa tatu nimemwona mara mbili, lakini hivi — hapana. Mkono wa kulia umekufa kabisa. Mguu anaukokota. Mdomo umeenda upande. Na ile sauti! Dalali wa ng'ombe, mtu aliyekuwa akitaja bei pale sokoni tunamsikia huku nyumbani. Sasa imebaki neno moja. "Basi." Akitaka maji, basi. Akitaka choo, basi. Akifurahi, basi. Daktari alisema wengine hubakiwa na neno moja tu, mengine yote yanapotea. Kwa nini likawa hilo, hakusema.

Mama amenenepa kidogo. Amependeza. Ana kitambaa kipya cha kichwa, cha manjano. Anamlisha Papa kijiko kwa kijiko, anampangusa mdomo, anaimba nyimbo za kanisa polepole. Nikamwambia, Mayi, utachoka.

"Kuchoka nilichoka zamani," akasema. "Sasa napumzika."

Nilicheka. Sikufikiria.

Jumapili, 23 Desemba

Kanisani mchungaji amemsimamisha Mama mbele ya watu. Ati tumtazame mke ni nini. Ati wengine wangekuwa wamerudi kwao. Makofi. Wamama wakapanga laini kumsalimia, mmoja akalia kwa kwikwi kabisa.

Mimi nilikuwa naangalia kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto, kile kilichopinda, hakinyooki hata akisalimia. Kilivunjika nikiwa darasa la sita. Papa alikuwa anatumia ile fimbo yake ya kuswagia ng'ombe. Jumapili iliyofuata Mama alienda kanisani na mkono umefungwa, akasema ameanguka kisimani, na huyu huyu mchungaji akamwambia awe akivaa viatu vizuri. Hakuna aliyemsimamisha.

Papa tulimwacha barazani na redio. Tuliporudi betri zilikuwa zimeisha na yeye amejikojolea. Alikuwa analia kimyakimya, machozi upande mmoja.

Mama hakukasirika. Akainama mbele yake akamwambia, "Umengoja, ee? Kungoja ni kubaya."

Kwa upole sana. Nikaona ni upole.

Jumatatu, 24 Desemba

Kaka yangu Wabwile amefika na pikapu ya kazini kutoka Nakuru. Amekuja na bibi yake Jerop na binti yao Naliaka, ana miaka tisa na mdomo wa miaka arobaini. Jerop ni wa Cheptais, ni nesi kwenye hospitali moja huko Nakuru. Haongei sana. Anaangalia.

Wabwile alipomwona Papa akalia hadharani, akamkumbatia, "Papa wangu, Papa wangu." Baada ya dakika chache akauliza mbuzi iko wapi.

Simlaumu. Yeye ndiye mkubwa na alipelekwa bweni mapema. Papa anayemjua yeye ni yule wa siku ya wazazi, mwenye soda na mkate na siagi na vicheko. Huyo Papa alikuwako. Mimi nilibaki na yule mwingine.

Shangazi Lenah, dada yake Papa, naye amekuja kutoka Malakisi. Nguo zake zote zinanuka tumbaku wanayokausha kwake. Nyumba imejaa. Nalala na Naliaka, anapiga mateke.

Jumanne, 25 Desemba

Krismasi. Lazima niandike hii yote, hata kama mkono utauma.

Tulikula mpaka aibu. Kuku, mbuzi, chapati, wali, na ugali wa wimbi kwa ajili ya Shangazi, kwake bila ugali hujala. Baada ya soda Wabwile akasema tucheze. Ni mchezo amejifunza kwenye sherehe ya kampuni yao. Mnajigawa makundi mawili. Mmoja anachukua kikaratasi kwenye kofia, anasoma kimoyomoyo, halafu anaigiza kilichoandikwa bila kutoa sauti. Wenzake wanakisia mpaka wapate.

"Unaitwaje?" Shangazi akauliza.

"Wazungu wana jina lao. Sisi tuuite mchezo wa mabubu."

Ndipo akakumbuka. Wote tukamwangalia Papa kwenye kiti chake karibu na mlango. Wabwile akacheka, "Pole mzee, si wewe bana" — halafu akamvua kofia kichwani, ile ya sokoni, akatia vikaratasi ndani.

Papa akabaki na kipara chake. Akasema basi. Watu wakacheka.

Upande mmoja Wabwile, Shangazi na Naliaka. Upande wetu Mama, Jerop na mimi. Sijui nilipata wapi hiki kipaji lakini nilikuwa napata yote. Jerop ainue mkono kidogo tu — "Kukamua!" Achuchumae — "Mtu wa kupima mashamba." Hata ya upande wao nilikuwa nayajua kabla yao, inabidi niume mdomo. Wabwile akasema, "Sellah anasoma watu kama gazeti." Siku nzima kazini nasikia sauti za watu bila kuona mikono yao. Labda ndiyo sababu mikono naila kwa macho.

Zamu ya Mama. Akasoma kikaratasi, akakikunja, akakitia kifuani. Akatoka nje. Kisha mlango ukapigwa teke. Akaingia anayumba, tumbo mbele, kofia ya hewani amevutia machoni. Akasimama. Akafungua mkanda ambao hana, akauzungusha mkononi mara moja, polepole. Akaangalia huku na huku kama anatafuta mtu chini ya meza.

Nilipiga kelele "Mlevi!" na nilikuwa sahihi, na tukapata pointi. Wabwile alianguka kwenye kochi kwa kicheko. Shangazi naye. Jerop hakucheka. Mimi nilicheka, halafu nikaona mikono yangu imejificha yenyewe chini ya mapaja.

Kisha Naliaka. Kikaratasi chake kilisema jogoo, tulikiona baadaye. Lakini huyu mtoto akaona jogoo ni rahisi sana. Akalegeza mdomo upande mmoja, mate yakatoka. Akaning'iniza mkono wa kulia. Akakokota mguu toka dirishani mpaka katikati ya nyumba. Hakuna aliyekisia. Halafu Shangazi akasema, "Kuka!" yaani babu yake — na nyumba ikapasuka. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi na ncha ya kile kitambaa cha manjano. Sijawahi kumsikia Mama akicheka kwa sauti mbele ya Papa. Maisha yangu yote.

Papa akapiga mkono wa kiti. Mara nyingi. Basi, basi, basi.

"Papa naye anataka zamu," Wabwile akasema. "Haya, kimya. Mzee yuko uwanjani."

Akampa kikaratasi. Papa akakiacha kianguke. Akainua mkono wa kushoto, vidole vimeshika kitu ambacho hakipo. Kikombe. Wote wakasema chai, soda, busaa. Lakini hakukipeleka mdomoni. Alikishusha mpaka juu ya paja lake. Akakiinamisha. Polepole sana. Mguu wake mzima ukashtuka. Halafu ule mkono ukapanda ukafunika mdomo wake mwenyewe, kwa nguvu, mpaka macho yakatoka.

"Kumwagilia sukuma!"

"Ubatizo!" — huyo Naliaka.

"Anapulizia ng'ombe dawa ya kupe," Shangazi akasema. "Huyu ni ng'ombe tu mpaka kaburini."

Vicheko. Papa akatikisa kichwa. Akaanza tena. Kikombe. Paja. Mdomo. Na mara hii alikuwa hawaangalii wao. Alikuwa ananiangalia mimi.

Nilijua. Kabla hajafika mdomoni nilijua. Mimi niliyekuwa nikipata yote siku nzima.

Wabwile akasema, "Sellah, si utusaidie?"

Nikasema hata mimi imenishinda.

Mama akasimama. "Anataka choo, nyinyi mnamcheka tu." Watu wakacheka zaidi. Akamshika kwapani, wakatoka pamoja. Wabwile akaandika sifuri upande wa Papa.

Jumatano, 26 Desemba

Mama ameenda kusaga mahindi. Wengine wako mtoni na Naliaka. Nikasema naenda kumpa Papa maji.

Mtoto wa kike hafunui paja la baba yake. Nilifunua.

Majeraha ya kuungua yako matatu juu ya goti. Mviringo, kama mtu ameweka pale mdomo wa kikombe. Mawili yamekauka, yamekuwa ya rangi ya waridi. Moja ni bichi, limepakwa mafuta ya kujipaka, vizuri, kwa uangalifu. Hilo ndilo lililonitisha, yale mafuta.

Papa akanishika mkono. Bado ana nguvu upande ule. Akalia, akasema basi, basi, na mimi nikakaa pale nikasubiri huruma ije. Ilikuja kidogo. Ikaja na ile siku aliyomfungia Mama kwenye zizi na kuongeza sauti ya redio ili majirani wasisikie. Nilikuwa mlangoni na sahani ya chakula chake. Alipomaliza alitoka, akachukua sahani mkononi mwangu, akauliza mbona hakuna chumvi.

Nikamfunika. Nikampa maji. Nikatoka.

Alhamisi, 27 Desemba

Tulikuwa jikoni na Mama tunachambua maharagwe, sisi wawili tu. Nilikuwa nimejiandaa maneno tangu asubuhi. Sikuyahitaji.

"Ulimfunua jana," akasema. "Blanketi ulikunja upande ambao mimi sikunji."

Nikaendelea kuchambua.

"Ni chai tu, Sellah. Si ya kuchemka. Naiacha kwanza ikae."

"Mayi."

"Simnyimi chakula. Simpigi. Nguo zake ni safi. Uliza mtu yeyote." Akatupa jiwe nje ya mlango, akaendelea na maharagwe. "Siku nyingine hata sikumbuki. Namwosha, namlaza, nafurahi kabisa. Halafu nampelekea chai, ananiangalia na yale macho, kama ananidai. Basi mkono unaenda."

Nikamwuliza Papa anasema nini wakati huo.

"Anasema basi." Akacheka kidogo, si kwa furaha. "Hilo lilikuwa neno langu. Si unakumbuka? Usiku wote, basi, Baba Wabwile, basi. Alilisikia mpaka likaingia kichwani. Yote aliyokuwa nayo yametoka, langu likabaki."

Moto ukaanza kuzima, nikapuliza, moshi ukanipa sababu ya kujifuta macho.

Kisha akasema, bila kuniangalia: "Siku ya mchezo ulimsoma. Nilikuona. Ukanyamaza. Asante, mama."

Hakuniomba chochote. Ingekuwa rahisi kama angeomba.

Ijumaa, 28 Desemba

Nilimwambia Mama leo nitampa Papa chai mimi. Nilitaka kumpumzisha. Au kumlinda Papa. Sijui, naandika zote mbili.

Papa alinionyesha kwa mkono: mimi, yeye, kule barabarani. Kitale. Nimchukue twende. Ilikuwa wazi kama maandishi. Nina chumba kimoja nyuma ya duka la Gichuki, choo ni cha wapangaji wote, na nafanya kazi shifti. Nikamwambia, "Ndiyo Papa, barabara inatengenezwa." Akarudia. Nikamwambia, "Ndiyo, magari ni mengi sikukuu."

Halafu nikampa chai. Sikupuliza. Nilijua ni moto, niliisikia kwenye vidole kupitia kikombe. Nilitaka tu kujua mkono unahisi vipi.

Alishtuka, ikammwagikia kifuani. Akaniangalia. Si kwa hasira. Kama mtu anayehesabu ng'ombe jioni na kukuta mmoja hayuko.

Nilimpangusa. Mkono wangu ulikuwa umetulia kabisa.

Jumamosi, 29 Desemba

Mambo yameharibika.

Jerop alikuwa amekaa barazani anamsuka Naliaka nywele. Papa kwenye kiti chake. Mama alikuwa bustanini. Papa akaanza kuvuta mguu wa suruali yake ya kulalia na ule mkono mmoja, juu, juu zaidi. Jerop akageuza uso, kwa heshima, ni baba mkwe. Papa akapiga kiti. Akaendelea kuvuta. Ndipo Jerop akaangalia.

Alinifuata kisimani. "Wifi, Baba ana nini pale juu ya goti?"

"Uji ulimwagika."

"Mara tatu? Mahali pamoja?"

"Mkono unamtetemeka."

Jerop ana macho meusi yasiyopepesa. "Mimi nafanya wodi," akasema. "Mgonjwa akimwagikiwa, inatiririka. Inaacha njia. Haikai duara." Kisha akachota maji yake, akainua ndoo. "Nilitaka kusikia kwako kwanza. Sasa nitamwambia bwana yangu."

Mama alijua kabla ya chakula. Alipomwona Jerop akisogea na beseni kutaka kukisafisha kidonda, akamzuia mlangoni: "Kwetu mke wa mtoto hamfunui baba mkwe. Au huko kwenu Cheptais mnafanya hivyo?" Mbele ya Shangazi. Jerop akaweka beseni chini. Shangazi akatikisa kichwa, maskini yule mgeni hana adabu.

Mama ni hodari. Sikuwahi kujua jinsi alivyo hodari.

Jumapili, 30 Desemba

Hatukwenda kanisani. Wabwile alinipeleka mpaka ule uzio wa nyuma. Alikuwa amevimba macho.

"Jerop anasema mambo mabaya juu ya Mayi," akasema. "Niambie ni uongo."

Nikamwuliza anataka nimwambie nini.

"Niambie ni uongo, Sellah. Si nimekuambia?"

Hapo ningeweza kusema lolote. Nilimtazama. Shati la pasi, saa ya mkono, tumbo limeanza. Mtu mzima anayeomba. Nikamwuliza kama anajua kile kidole cha Mama kilipindaje. Akasema si alianguka kisimani.

Kweli anaamini hivyo. Mpaka leo.

"Usijisumbue," akasema baadaye, kama amepata dawa. "Kesho tutakaa wote. Papa ana akili zake, ni mdomo tu. Ataonyesha mwenyewe, kama siku ile ya mchezo. Na wewe utatusomea. Wewe unajua kumsoma kuliko wote. Utakachosema, ndicho hicho."

Nikasema sawa.

Shangazi amesikia. Amewaambia majirani kuna kikao. Mama amefua kile kitambaa cha manjano, kiko kwenye kamba.

Jumatatu, 31 Desemba

Asubuhi. Mama hajasema neno nami. Amenipa yai la kuchemsha, moja, bila kuwapa wengine. Kama nikiwa mdogo naenda mtihani.

Baadaye. Niko jikoni. Naandika magotini, maji yako motoni.

Tulikaa. Wabwile mbele ya Papa, Shangazi kwenye kochi, Jerop dirishani. Mama kwenye mkeka, anapukuchua mahindi, tak, tak, tak kwenye beseni. Naliaka amefukuzwa nje. Mimi nimewekewa stuli karibu na Papa, kama karani.

Wabwile akasema, "Papa, hapa mguuni kumetokea nini? Onyesha. Sellah atatuambia."

Papa alikuwa amejiandaa. Niliona. Huenda hakulala, alikuwa anajifunza. Akachukua kikombe chake cha hewa. Akainamisha juu ya paja. Akafunika mdomo. Kisha akaongeza jipya: ule mkono ukapanda kichwani, ukazunguka, ukafunga fundo nyuma ya shingo. Kitambaa. Halafu akanyoosha kidole kwenye mkeka.

Hata Naliaka angekisia. Hata mbuzi.

Mahindi yakanyamaza.

Wote waliniangalia mimi. Wabwile alikuwa amefumba mikono kama anaomba, na nikaelewa kwamba ameona na anataka nimtoe pale. Na Papa aliniangalia. Yale macho. Alikuwa na hakika kabisa. Ndilo lililoniudhi. Baada ya yote, alikuwa na hakika nitamletea sahani.

Nikasema: "Anasema alitaka kujimiminia chai mwenyewe, kwenye themosi, kwa huu mkono mmoja. Ikamwagika. Si mara moja, mnajua alivyo mbishi. Alinyamaza kwa sababu aliona haya, mwanaume mzima." Sauti yangu ilikuwa ile ya kazini, tafadhali ngojea, naunganisha. "Na hapo mwisho anasema Mama ndiye anayempaka mafuta. Anaomba Mama asilaumiwe."

Wabwile alilia kama mtoto. Akapiga magoti kwenye mkeka, akamshika Mama miguu, akaomba msamaha. Shangazi akaanza kushukuru Mungu kwa Kibukusu, akasema alijua, mulamwa wake, mke wa kaka yake, hawezi. Mama akamshika Wabwile kichwa. Kile kidole kimepinda juu ya nywele zake.

Nilingoja Papa aseme basi. Hakusema. Kwa mara ya kwanza tangu nifike, hata hilo moja hakusema. Alishusha mkono, akauweka juu ya paja lile lile, kiganja juu, akauacha pale kama kitu cha mtu mwingine.

Ningekuwa na huruma ingekuja saa hiyo. Nilikuwa nimechoka tu, na kiburi kidogo. Nimekata laini vizuri, hakuna aliyesikia.

Ndipo Jerop akatoka dirishani.

"Wifi amekisia vizuri," akasema. "Lakini wodini tuna njia nyingine, haihitaji mtu wa kukisia. Baba, unanisikia? Kama ni ndiyo, funga macho. Kama ni hapana, yaache wazi. Umeelewa?"

Papa akafunga macho. Akafungua.



Wabwile akasema, "Jerop, si imeisha?" Mama akasimama na beseni lake. "Muulizeni mnachotaka. Lakini mzee hajanywa chai tangu asubuhi. Sellah, kachemshe."

Kwa hiyo niko hapa. Dirisha la jikoni linaangalia upande wa sebule lakini sioni, nasikia tu, vipande vipande. Sauti ya Jerop, polepole, kama anasomea mtoto.

"Chai uliimwaga wewe mwenyewe?"



"Ameacha wazi," huyo Shangazi. "Lakini labda hajaelewa."

"Ulimwagiwa na mtu?"

Wabwile amesema kitu, sikushika. Kiti kimeburutwa.

"Mtu huyo yuko hapa nyumbani?"

Maji yamechemka. Nimetia majani. Nimetia maziwa.

Naliaka amekuja mlangoni mbio, alikuwa anachungulia dirishani, sketi imejaa vumbi. Anasema, "Shangazi Sellah, Kuka amefunga macho."

Nikamwuliza, amefunga kusema ndiyo?

"Sijui. Amekataa kufungua. Mama yangu anamwambia fungua, amekataa. Baba anasema hilo ni jibu, kisha anasema amelala. Wanabishana. Kukhu amesimama anakuja huku." Akajikuna goti. "Mimi nafikiri Kuka anangoja."

Anangoja nini?

Ameinua mabega, amerudi zake mbio.

Mama ameingia. Hakuniuliza naandika nini. Amechukua kikombe cha Papa, kile cha bati chenye maua, amekiosha, amekipangusa, amemimina mwenyewe mpaka juu. Sukari vijiko vitatu. Amekiweka hapa kwenye stuli, mbele ya magoti yangu.

"Mpelekee wewe," amesema. "Wote wanaangalia."

Amevua kitambaa chake, amekitikisa, amekifunga upya, ameenda kukaa na wageni.

Chai inatoa moshi. Nikipuliza, watasikia mpaka sebuleni. Nisipopuliza, pia. Wabwile ananiita sasa, majina yangu yote mawili, kama anasomea mahakamani. Nimeshika kikombe na mkono wa kushoto na naandika na wa kulia na bado sijui